Nimepatikana na homa ya ini aina ya C: wenzangu mko wapi?

Mwana wa Pangani (Tanga) anauliza:

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni mama wa watoto watatu ambao sasa ni watu wazima, na ninafundisha shule ya msingi hapa mkoani Tanga. Mapema mwaka huu shemeji yangu alipangiwa upasuaji, nasi ndugu tukaombwa kuchangia damu. Baadaye nilipigiwa simu nirudi hospitalini, nikaelezwa kwamba kila damu inayotolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na kwamba yangu imeonyesha alama ya C. Kipimo cha pili, kile cha kutafuta virusi vyenyewe, kimethibitisha kwamba vimo. Daktari anakisia kwamba niliambukizwa nilipoongezewa damu katika uzazi wangu wa kwanza, miaka ya tisini mwanzoni, ingawa hakuna anayeweza kulisema hilo kwa yakini.

Kuhusu tiba nimeelezwa vizuri na ninasubiri kuanza dawa. Ninachokosa ni mwenzangu. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana vikundi vyao karibu katika kila kituo cha tiba, wenye kisukari wanakutana kliniki, lakini mimi sijamwona hata mtu mmoja aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba alikuwa na C. Jamaa mmoja aliniunganisha na kundi la WhatsApp la wagonjwa wa ini, nikakuta karibu wote wana B, na ushauri wao umenichanganya: huyu ananiambia nitameza dawa maisha yangu yote, yule ananihimiza niwapeleke watoto wakachanjwe haraka. Nikitafuta mtandaoni nakutana na simulizi za watu waliodungwa sindano karibu mwaka mzima, wakanyonyoka nywele na kukata tamaa ya kuishi.

Nyumbani mume wangu anajua na amenisimamia vyema. Mama mkwe naye, bila kusema neno, amenitengea kikombe na sahani yangu. Naomba waliopitia njia hii wanieleze: mliishi vipi katika kipindi cha kusubiri na cha kutumia dawa, mliwapata wapi wenzenu, na mliwaambia watu gani?

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam) amejibu:

Pole sana, mwalimu, na pamoja na pole nakupa hongera, kwa sababu walio wengi wenye virusi hivi hawajui kuwa wanavyo. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini miaka ishirini na zaidi bila dalili ya kumshtua mtu, na wapo ambao huutambua siku tumbo linapoanza kujaa maji.

Kwanza nitenganishe mambo ambayo lile kundi limeyachanganya. B na C ni virusi viwili tofauti kabisa, visivyo na undugu isipokuwa kwamba vyote hushambulia ini na vyote hupita katika damu. B ina chanjo, lakini aliyekwisha kuwa nayo ya kudumu kwa kawaida huidhibiti kwa dawa za muda mrefu, tenofovir kwa mfano, bila kuifuta mwilini. C haina chanjo, lakini inapona. Aliyekuambia utameza dawa maisha yako yote alikupa ukweli wake yeye. Watoto wako wanachohitaji kwa ajili ya C ni kupimwa, kwa kuwa mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kuzaliwa, ingawa hutokea kwa takriban watoto watano au sita katika kila mia. Chanjo ya B wanaweza kuipata pia, na wewe ukiwa huna B uipate, kwani ini moja halistahili maadui wawili.

Dawa zinazotumika sasa ni vidonge, mara nyingi sofosbuvir pamoja na daclatasvir au velpatasvir, kwa wiki 12, na wanaopona huzidi 95 katika kila mia. Ukimaliza, unasubiri wiki 12 nyingine ndipo unapimwa tena kipimo cha virusi, visipoonekana, umepona. Hapa pana jambo linalowaumiza watu wengi kwa kutoambiwa mapema: kile kipimo cha haraka hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi, na kingamwili hubaki katika damu hata baada ya kupona. Ukienda kuchangia damu miaka kumi ijayo utakataliwa vilevile, na mtu asiyejua ataamini kwamba ugonjwa umerudi. Hifadhi karatasi ya kipimo cha virusi kama unavyohifadhi cheti chako cha ualimu.

Kabla ya kuanza, hakikisha umepimwa B, kwa sababu B iliyojificha inaweza kuamka wakati C inapofutwa, na hakikisha daktari amekadiria kiasi cha makovu yaliyopo kwenye ini. Mtajie kila kitu unachomeza: dawa za kupunguza tindikali tumboni kama omeprazole, rifampicin ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama carbamazepine, dawa ya moyo iitwayo amiodarone, na mitishamba yote, hata ile unayoiona kuwa ni chai tu.

Mama mkwe mweleze kwa upole kwamba C haipiti katika chakula, kikombe, mkono, kukumbatiana wala kikohozi. Vinavyotengwa ni wembe, mswaki, kikata kucha na kitu chochote kinachoweza kubeba damu, na damu ikimwagika sakafuni husafishwa kwa maji yenye jiki. Wakiendelea kukutengea sahani baada ya hapo, tatizo litakuwa si la kitabibu.

Kisauni Mpya (Mombasa) amejibu:

Dadangu, nimesoma swali lako nikaona nisipite. Mimi nilijidunga heroini kwa miaka mingi, na C niliipata maskani, kwa sindano na kwa kile kijiko na pamba tulivyokuwa tukitumia pamoja tukidhani kwamba hatari imo kwenye sindano peke yake. Ninayasema haya wazi kwa sababu katika pwani yetu watu wenye uzoefu mkubwa wa ugonjwa huu ni sisi wa kliniki za methadoni, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, na watu wa heshima zao kama wewe huogopa kutukaribia, wasije wakadhaniwa kuwa nao ni mateja. Huduma ya methadoni nchini Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha ikafika Pwani. Tanzania ilitangulia, kwani Muhimbili ilianza 2011. Penye kliniki ya aina hiyo aghalabu utakuta waelimishaji rika wanaoijua C kuliko watumishi wengi wa zahanati.

Umeuliza tuliishi vipi. Kundi letu lilikutana asubuhi baada ya kunywa dozi ya methadoni, kwa kuwa wote tulikuwa pale kila siku, na kila aliyeanza vidonge vya C alipewa mwenza aliyekwisha kuvimaliza. Kazi ya mwenza haikuwa kuliwaza. Alihakikisha kidonge kimemezwa, alikwenda nawe maabara siku ya kutolewa damu (wengi wetu mishipa imekufa, na kutobolewa mara tano mbele ya mhudumu anayesonya ni sababu tosha ya mtu kutorudi tena), na zaidi ya yote alikaa nawe zile wiki za kungoja majibu ya mwisho. Kwangu mimi wiki hizo zilikuwa ngumu kuliko wiki za dawa zenyewe. Vidonge vilinipa kichwa kuuma kidogo na uchovu wa siku za mwanzo, basi. Lakini baada ya kuvimaliza huna la kufanya isipokuwa kusubiri, na fikra zinakuendesha zinavyotaka. Mwenzangu alinikataza kujipima kwa macho kwenye kioo kila asubuhi nikitafuta umanjano.

Zamani tuliambiwa kwamba anayetumia heroini hastahili tiba mpaka aache kabisa. Imekwisha kuonekana katika nchi nyingi kwamba hata anayeendelea kujidunga hupona kwa kiwango kikubwa akimeza dawa ipasavyo, na kumnyima ni kuacha virusi viendelee kuzunguka maskani. Ila kupona hakuleti kinga. Mmoja wetu alipona, akarejea kwenye sindano ya kuchangia, akaambukizwa upya na ikabidi atibiwe mara ya pili.

Wanawake walikuwa na kikao chao, na humo waliingia kina mama wawili ambao hawakuwahi kugusa unga: mmoja alikuwa akisafishwa damu kwa sababu ya figo, wa pili hakujua alikoipata. Mwanzoni walikaa karibu na mlango. Baadaye mmoja wao ndiye aliyekuwa akiwapikia wengine chai na kuwasomea karatasi za maabara, kwani hatukuwa wengi wenye kuzielewa. Uliza kama kuna kikao kama hicho huko Tanga. Usitazame walivyofika pale. Tazama kwamba virusi vyao na vyako ni vimoja.

Mtoro wa Baridi (Leicester, Uingereza) amejibu:

Mwalimu, simulizi ulizozisoma ni za kweli, ila nyingi ni za zamani. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, niko huku tangu ujana, na nilitibiwa mara mbili katika zama mbili tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa ni interferon, sindano ya kila wiki, pamoja na vidonge vya ribavirin, tiba ambayo iliweza kuchukua wiki 48, na kwa jumla aliyepona alikuwa takriban mmoja kati ya wawili. Mimi nilikuwa yule wa pili. Homa za usiku, hasira zisizo na sababu, huzuni iliyomfanya mke wangu afiche dawa za usingizi: yote hayo niliyaona. Kisha sofosbuvir ikaidhinishwa Marekani Desemba 2013, huku Ulaya ikafuata mwanzoni mwa 2014, na nilipopata zamu yangu ya vidonge nilimaliza tiba nzima bila kukosa kazi. Kwa hiyo unaposoma ushuhuda wowote wa mgonjwa wa C, tafuta kwanza mwaka ulioandikwa na jina la dawa aliyotumia. Kama ni kabla ya 2014, msikitikie mwandishi, lakini usijipimie nguo yake.

Bei nayo ina zama zake. Sofosbuvir ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 84,000 kwa wiki 12. Baadaye viwanda vya India vilipewa leseni ya kutengeneza dawa zilezile, na mwaka 2022 yakatangazwa makubaliano ya kuziuzia nchi zenye kipato cha chini na cha kati kwa dola 60 kwa tiba ya mgonjwa mmoja. Hiyo ni bei ya serikali zinazonunua kwa wingi, si ya duka la dawa la mtaani, na vipimo vina gharama yake. Rwanda ilizindua mpango wa taifa wa kutokomeza C mwaka 2018, na Misri imepima watu kwa mamilioni, tena nchi ambayo sehemu kubwa ya maambukizi yake ilitokana na sindano za kampeni za kutibu kichocho za miaka ya nyuma. Nayataja haya kwa sababu wewe unajiuliza kama mtu aliyekosea mahali fulani, ilhali katika dunia hii mamilioni waliupata ugonjwa huu kwenye kitanda cha hospitali. Virusi vyenyewe havikutambuliwa mpaka 1989. Aliyekuongeza damu mapema miaka ya tisini huenda hakuwa na kipimo cha kuvigundua.

Hapa Uingereza damu ilianza kupimwa C Septemba 1991. Watu zaidi ya 30,000 walikuwa wamekwisha kuambukizwa virusi vya Ukimwi au C, au vyote viwili, kwa damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu, na ripoti ya tume ya uchunguzi ilitoka Mei 2024, baada ya wagonjwa na ndugu zao kuipigania kwa miongo. Wale watu hawakuwa wanasheria. Walianza kwa kukaa pamoja na kulinganisha mafaili yao ya hospitali.

Sasa nije kwenye swali lako la wenzako wako wapi. Jibu ni kwamba wamepona, wakaondoka. Kundi la wagonjwa wa C ni kama chombo cha kuvusha abiria: kila anayefika ng'ambo anashuka na kwenda zake, na asipobaki hata mmoja wa kurudi na chombo, wanaosubiri ufukweni hudhani hakijawahi kuvuka mtu. Vikundi vya Ukimwi hudumu kwa sababu dawa zao hazina mwisho. Sisi mafanikio yetu ndiyo yanayotuvunja, na ni haki ya mtu kutaka kusahau. Huku lipo shirika la Hepatitis C Trust, lililoanzishwa na wagonjwa wenyewe, ambalo huwaomba waliopona wabaki kidogo wawasaidie wanaoanza, na mimi nimebaki katika kazi kama hiyo ya kupokea simu. Maoni yangu ni kwamba huhitaji kundi la watu ishirini. Unahitaji mtu mmoja aliyepona, wa jinsia yako, wa umri unaokaribiana na wako, mwenye subira ya kupokea simu usiku. Muombe daktari wako amtafute katika mafaili yake mgonjwa aliyemaliza tiba, ampigie yeye, aulize kama yuko radhi. Siri haivunjwi maadamu wewe hupewi jina mpaka mwenyewe akubali.

Sina Jina (Mwanza) amejibu:

Nakubaliana na wengi hapo juu, lakini niseme upande ambao hausemwi. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu, dada yangu, na sijutii. Nilikuwa napika katika hoteli, na ingawa muuguzi amesema kweli kwamba C haipiti katika chakula, wateja hawaendi hotelini na muuguzi. Ukifundisha watoto wadogo, pima kwanza mwalimu mkuu wako na wazazi ni watu wa namna gani. Wanaostahili kujua ni mume, watoto wanaohitaji kupimwa, na kila mtaalamu atakayekutoboa: daktari, wa meno, na hata anayekupiga hijama kama una desturi hiyo, na akikujia na wembe uliokwisha kutumika umfukuze.

Jambo la pili ni kuhusu makundi ya simu. Nimepita katika matatu, na yote yalivamiwa na wauza dawa. Anaingia mtu anajiita mgonjwa, anasimulia alivyopona kwa unga wa mizizi, na wiki inayofuata anatoa namba ya kutumiwa pesa. Kuna mama katika kundi mojawapo aliyeacha vidonge vyake katikati kwa ajili ya unga huo. Kundi zuri utalijua kwa kiongozi wake: anayeuliza umetibiwa kwa dawa gani na kipimo cha mwisho kilisomeka vipi, na anayemtoa mtu siku hiyohiyo anapotaja bei.

La tatu, kwa vijana wanaosoma hapa wakiwa na mipango ya kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba: uchunguzi wa afya wa huko unahesabu C kuwa kizuizi. Mimi nilikwisha pona nikakwama kwa sababu ya zile kingamwili zilizoelezwa hapo juu. Nenda na majibu ya kipimo cha virusi na uombe kipimo hicho kirudiwe, lakini usilipe nauli wala deni la wakala kabla hujapata jibu la maandishi.

Na kama ini lako lina makovu makubwa, kupona virusi si mwisho wa kliniki. Mimi nimeambiwa nipigwe ultrasaundi kila baada ya miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani ya ini hupungua lakini haiondoki yote. Nimeacha pombe kabisa. Kahawa nimeruhusiwa, na daktari aliniambia kwamba tafiti nyingi zimeihusisha na makovu machache ya ini, habari iliyomfurahisha dada yangu kuliko mimi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuipenda.

Mwana wa Pangani (Tanga) amejibu:

Nimewasoma wote, tena zaidi ya mara moja, na Mungu awalipe. Nimezungumza na daktari jana kuhusu lile wazo la kumtafuta mgonjwa aliyemaliza tiba, akasema hakuwahi kuombwa hilo lakini ataangalia. Mwanangu wa kwanza na wa pili wamekubali kwenda kupima. Wa mwisho yuko chuoni na bado anaogopa, na sijui kama nimlazimishe. Ndugu wa Kisauni, nitauliza kuhusu kikao cha kina mama, na sitakaa karibu na mlango.

Ndugu Sina Jina, nimekuelewa kuhusu kazini, na nimeamua nimwambie mwalimu mkuu peke yake kwa kuwa nitahitaji ruhusa za kwenda hospitali.

Limebaki swali moja. Huenda dawa zikafika karibu na mwezi wa Ramadhani. Je, nitaweza kufunga?

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam) amejibu:

Kwa watu wengi inawezekana, mwalimu, kwa sababu sofosbuvir pamoja na velpatasvir au daclatasvir humezwa mara moja tu kwa siku, ukiwa umekula au hujala. Chagua ama baada ya futari ama wakati wa daku, na ushikilie wakati huohuo kila siku mpaka mwezi uishe, bila kurukaruka. Ukiwa na kichefuchefu, futari ni bora, kwa kuwa utakuwa na chakula tumboni na usiku mzima wa kunywa maji. Wapo wasiopaswa kufunga, hasa wenye ini lililosinyaa sana na wenye kisukari kisichotulia, hivyo muulize daktari siku utakayokabidhiwa dawa, baada ya kuona matokeo ya kipimo cha makovu. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, au ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Piga simu kliniki uulize.

Mwanao wa chuoni usimlazimishe. Mwambie ndugu zake wakishapata majibu wampigie wao.